Kutoka Meza ya Chakula hadi Nyumba Nzima ya Wageni

(Maneno ya mgeni wa chama mbele ya mkutano wa wanachama, Kigoma)



Naliombwa niseme juu ya kazi yangu, jinsi nilivyotoka katika usimamizi wa mkahawa nikaingia katika uangalizi wa shughuli zote za nyumba ya wageni. Huenda karani akauliza, "Mambo ya sahani na mashuka yanihusu nini?" Namsihi asubiri kidogo, maana ataona kwamba jambo hili ni lake pia.

Kwa miaka saba nalisimamia mkahawa huko Ujiji. Kazi ile naliijua kwa macho na kwa pua. Alfajiri naliwangojea wavuvi ufukoni wakirudi na taa zao, nikachagua dagaa na migebuka mimi mwenyewe. Mawese naliyaonja kabla hayajamiminwa sufuriani. Wali ukianza kuungua, nalijua kabla ya mpishi. Jioni nalihesabu fedha, nikafunga mlango, na kazi ya siku ikaisha siku ile ile.

Kisha naliitwa katika nyumba ya wageni, nikapewa kuangalia yote: jiko, vyumba, udobi, stoo, mapokezi, maji, mashine ya umeme, na mashua ya kupeleka wageni Gombe. Nalifurahi mno, nikadhani ya kuwa nyumba ya wageni ni mkahawa ulioongezwa vitanda. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokosea.

Mwezi wa kwanza sikutoka jikoni. Usiku mmoja gari la moshi la kutoka Dar es Salaam lilichelewa, nanyi mwajua urefu wa safari ile, zaidi ya kilomita 1,200. Wageni walifika usiku wa manane, wamechoka na kujaa vumbi. Naliwaandalia chakula kizuri, lakini hawakukigusa. Walitaka maji ya kuoga, na tangi lilikuwa tupu, kwa kuwa hapana mtu aliyeambiwa alijaze. Asubuhi walilipa, wakaondoka, wala hawakurudi. Hapo nalifahamu ya kuwa ajaye kula hukaa nawe saa moja, bali ajaye kulala amekukabidhi usiku wake, mizigo yake na salama yake.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, nami ninalieleza kwa haya. Mashuka 24 yalionekana kupungua. Kwa kuwa mkahawani nalizoea kuijua kila sahani kwa jicho, nalimshuku dobi, mtu mzima mwenye watoto, nikaamuru mshahara wake ukatwe, nikawaza hata kumfukuza. Yeye hakugomba. Alisema tu, "Bwana, tazama katika daftari." Daftari la mashuka halikuwapo. Karani wa stoo, kijana mpole, alitafuta siku mbili, akamwuliza mwenye mashua, akagundua ya kuwa mashuka yalipelekwa kambini kwa ajili ya wageni waliokwenda kutazama sokwe. Aliyetoa ruhusa ni mimi mwenyewe, kwa mdomo, pasipo hati. Nalimrudishia dobi fedha yake, nikamwomba radhi mbele ya wenzake wote. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tangu siku ile hapana shuka litokalo bila hati. Kila siku saa mbili asubuhi nakutana na wakuu wa sehemu zote kwa robo saa. Twaulizana: wangapi waja, wangapi waondoka, maji yako wapi, nini kimeharibika? Kisha nawaacha wafanye kazi zao. Kuuacha mwiko kulinishinda kwa muda mrefu, maana mwiko ndio uliokuwa fahari yangu. Lakini sasa kazi yangu si kupika kuliko mpishi. Ni kuhakikisha kwamba mpishi, dobi na mpokezi wanapashana habari.

Nawapa mfano tunaoujua sote. Meli ya Liemba, ambayo hapo kwanza iliitwa Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaunganishwa tena hapa Kigoma, na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe walipokuwa wakiondoka, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi. Kwa hiyo ilipoopolewa mwaka 1924 ilifaa kutengenezwa, nayo ikaanza kazi tena mwaka 1927.

Naona mafunzo mawili hapo. La kwanza, masanduku 5,000 si meli mpaka yupo wa kuviunganisha vilivyomo. La pili, aondokaye katika kazi yampasa aipake grisi mitambo kwa ajili ya ajaye. Mimi nalitoka mkahawani pasipo kuandika bei za wavuvi wala majina ya wadaiwa, na aliyenifuata alitaabika miezi mitatu.

Basi, ewe karani, siku utakapopandishwa cheo, usiende na kalamu yako ya zamani ukidhani ndiyo kazi yote. Mwachie mwenzako daftari lililo safi, na huko uendako, uliza kabla ya kushuku.