Gari Lisilo na Bima Likigonga Mtu: Nani wa Kudai, na Nini cha Kushika

Mada iliyotolewa mbele ya wakuu wa vijiji, wazee, mama wa soko, madereva na motari, Makobola



Nimeombwa niseme juu ya ajali iliyosababishwa na dereva asiye na bima. Nilichokuja kusema nakisema tangu mwanzo, ili hata atakayetoka mapema aondoke nacho: gari kukosa bima hakumnyang'anyi mwathirika haki yake. Kinachobadilika ni mtu wa kudaiwa. Kampuni ya bima isipokuwepo, anadaiwa mwenye gari. Na mali ya kwanza ya mwenye gari ambayo sheria inaweza kuishika ni lile gari lenyewe, likiwa bado limesimama pale pale ajali ilipotokea.

Watu wetu wengi kwenye barabara hii ya Uvira hadi Baraka wamebaki na kilema na madeni ya hospitali kwa kukosa kujua mambo haya mawili. Walimkaba dereva, kijana asiye na kitu mfukoni, huku mwenye gari akikaa kimya Uvira au Bukavu. Au walilichoma gari kwa hasira, na pamoja nalo ikaungua dhamana pekee ya matibabu.

Tuanze na sheria, kwa kifupi. Tangu Sheria ya Kongo namba 73/013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila mwenye chombo chenye injini kinachotembea barabarani analazimika kuwa na bima ya kulipa hasara atakazowasababishia wengine. Pikipiki imo. Kwa miaka mingi bima hiyo iliuzwa na SONAS peke yake, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1966. Kanuni ya Bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, ARCA ikawekwa kulisimamia, na kampuni za binafsi zikaanza kupewa leseni mwaka 2019. Milango ya kununulia bima imeongezeka, lakini lazima ya kuwa nayo haijapungua hata kidogo.

Kwa nini basi magari na pikipiki nyingi kati ya Uvira na Baraka hutembea bila bima? Umaskini upo, siukatai. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anayempelekea bosi hesabu kila jioni hawezi kutoa mfukoni mwake pesa ya asiransi, na bosi anasema pikipiki iko mikononi mwa motari. Ila kuna sababu nyingine inayoniuma zaidi. Tumezoea kuiona bima kama karatasi ya kupitia kwenye kizuizi cha polisi. Dereva anapiga hesabu: kumpa kidogo askari wa barabarani leo ni nafuu kuliko kulipa bima ya mwaka. Katika hesabu hiyo mama atakayegongwa kesho hayumo kabisa. Pesa iliyoingia kwenye mkono wa askari haitanunua hata bendeji moja.

Nayo barabara yetu mnaijua. Barabara ya Taifa namba 5 imebanwa kati ya mlima na ziwa, sehemu kubwa ni ya udongo, na watoto wa shule, mbuzi, mama wenye vikapu vya ndagala na malori ya bidhaa hugawana upana ule ule. Magari mengi yanayotuletea abiria yana usukani upande wa kulia, ilhali sheria yetu ni kuendesha kulia. Dereva akitaka kulipita lori, hawezi kuona mbele mpaka gari zima limeingia upande wa wanaokuja. Katika hali hiyo, bima ndiyo ingepaswa kutangulia kabla ya petroli.

Sasa nichukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, lakini sidhani kama kuna mtu hapa atakayeuona mgeni. Mama anatoka sokoni jioni, beseni kichwani. Pikapu inamgonga, mguu unavunjika. Watu wanakusanyika, mawe yanaokotwa. Dereva anakimbilia polisi kuokoa roho yake. Mgonjwa anabebwa kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, hadi kituo cha afya, na kutoka pale anapelekwa hospitali ya Uvira au Nundu. Kesho yake ndugu wa dereva wanafika na mzee mmoja wa kuheshimiwa, dola chache, na ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Umeandikwa: "Tumepatana kwa amani. Familia haitadai kitu kingine." Mume anatia sahihi, na mama, akiwa bado kitandani, anashikwa kidole gumba na kuchovywa kwenye wino. Jioni hiyo pikapu iliyokuwa imeshikwa inatoka polisi. Baada ya wiki tatu daktari anasema mfupa haukushika vizuri, lazima upasuaji. Pikapu iko Kalemie, dereva simu haipatikani, na hospitali haimruhusu mama kwenda nyumbani mpaka alipe.

Karatasi ile ndiyo adui mkubwa wa mwathirika kwenye ukanda huu. Sipingi kupatana. Lubunga, baraza letu la wazee, imetunza undugu wetu tangu mababu, na kesi ya barabarani ambayo wazee hawakuigusa huzaa chuki kati ya familia hata mahakama ikishahukumu. Ninachopinga ni kupatana kabla jeraha halijajulikana mwisho wake. Ndugu wa dereva wakileta pesa, zipokelewe, kwa sababu mgonjwa anahitaji dawa leo. Lakini karatasi iandikwe hivi: kiasi fulani kimepokelewa kwa ajili ya matibabu ya kwanza, na mengine yatazungumzwa daktari akimaliza kazi yake. Jina la mwenye gari litajwe ndani yake, pamoja na namba ya gari. Mzee anayeombwa kushuhudia akatae kuweka sahihi kwenye karatasi yenye neno "haitadai tena" wakati mgonjwa bado amelala hospitali. Kukataa huko ni heshima kwa lubunga. Na kama mtu amekufa, wazee washughulikie msiba, gharama za mazishi na kuzituliza familia. Kosa lenyewe liende parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, maana mapatano ya familia hayafuti kesi ya jinai.

Kwa nini nasisitiza mwenye gari? Kanuni yetu ya Kiraia, Kitabu cha Tatu, ambacho asili yake ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 258 kwamba kila anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuifidia. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Kifungu cha 260 kinakwenda mbele: mtu anawajibika pia kwa hasara iliyoletwa na wale anaowatuma kazi, na kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Bosi wa pikapu aliyekaa Uvira akisubiri hesabu ya siku anaingia humo. Bosi wa pikipiki pia. Na shirika linalokodi gari, likimpa dereva amri ya kukimbia ili afike Lusenda kabla ya jua kuzama, liulizwe nalo. Kuna mabosi wanaosema, "Mimi sikuwepo." Sheria haikuwauliza kama walikuwepo.

Mwanajeshi akigonga mtu na gari la jeshi, kesi yake ya jinai huenda kwa mahakama za kijeshi, wala si kwa tribunali ya kawaida. Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa na kurudi nyumbani. Wasirudi. Malalamiko yapelekwe kwa oditora ya kijeshi, yaani waendesha mashtaka wa jeshi, na Serikali, kama mwajiri, itajwe katika madai.

Nije kwenye saa za kwanza, kwa sababu hapo ndipo kesi hupona au hufa. Mgonjwa kwanza, hilo halina mjadala. Lakini wakati wawili wanambeba, wa tatu abaki. Apige picha gari lilivyosimama, alama za matairi, na namba. Pikipiki ikiwa haina namba, na nyingi hazina, apige picha ya namba iliyochorwa kwenye fremu yake, na aulize rangi na chama cha motari aliyeiendesha. Aandike majina ya watu waliokuwa pale, wakiwemo abiria wa gari lenyewe, ambao kesho watakuwa wametawanyika mpaka Baraka. Na wenye mawe wazuiwe. Gari likichomwa, ushahidi umeteketea, mali ya kulipia imeteketea, na familia ya mgonjwa inajikuta na kesi ya kuharibu mali ya mtu.

Kisha polisi waandike PV, yaani maelezo rasmi ya tukio. Hapa Makobola kuna tatizo letu wenyewe: Makobola ya kwanza iko upande wa Uvira, ya pili iko upande wa Fizi. Mwathirika anaweza kutupwa huku na huku kama mpira wakati ofisi mbili zinabishana ajali ni ya nani. Mahali pa ajali paelezwe kwa alama isiyohama: kanisa, shule, daraja, na ni upande gani wa mpaka. Polisi waombwe pia rekizisyo, yaani agizo la maandishi la kumpeleka mgonjwa kwa daktari, ili cheti cha jeraha kiwe na nguvu mbele ya hakimu. Na kabla gari halijaachiliwa, familia iandike barua kwa parke kuomba liendelee kushikwa. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, iwekwe nyumbani. Barua hiyo fupi mara nyingi ina faida zaidi kuliko maneno ya mwezi mzima. Faini anayolipa dereva polisi si fidia, mwathirika asidanganywe kwamba "ameshalipa."

Lori lililovuka mpaka wa Burundi kule Kavimvira liangaliwe kwa namna nyingine. Dereva wake anaweza asiwe na karatasi yoyote ya bima ya Kongo, watu wakadhani hana bima. Aulizwe Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza miaka ya 1980 na ambao nchi yetu imo. Kadi hiyo hufanya bima ya nchi alikotoka itambulike hapa. Namba yake iandikwe kabla lori halijaondoka.

Juu ya muda, naomba mnisikilize vizuri. Kumjeruhi mtu kwa uzembe kuna adhabu isiyozidi mwaka mmoja, kwa hiyo kesi ya jinai hufa baada ya mwaka mmoja. Kuua kwa uzembe kuna adhabu ya miezi mitatu hadi miaka miwili, na kesi yake hufa baada ya miaka mitatu. Vita ikifunga ofisi, watu wakikimbilia milimani au ng'ambo Burundi, miezi hupita upesi. Madai ya kiraia yana muda mrefu zaidi, lakini kudai fidia ndani ya kesi ya jinai ni njia nyepesi kwa mtu asiye na pesa, kwa sababu parke ndiyo inayotafuta ushahidi. Sheria ya mwaka 2013 ya mpangilio wa mahakama inamtaka hata hakimu wa jinai atamke yeye mwenyewe fidia inayostahili, kufuatana na sheria, mila au desturi za mahali, hata kama mwathirika hakujua kuiomba. Asiye na uwezo aombe hati ya umaskini, apunguziwe mzigo wa ada.

Na juu ya karatasi, Sange tusiisahau. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, kwenye barabara hii hii, mafuta yakawaka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Wengine walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Wengi waliungua hata wasitambulike, wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja. Familia ambayo haina karatasi inayosema mtu wao alikufa siku ile na pale, itamdai nani, na kwa ushahidi gani? Kuandika jina la marehemu ni sehemu ya kumzika.

Jirani zetu wa Rwanda wana mfuko maalumu wa dhamana unaolipa watu waliogongwa na gari lisilo na bima, au gari lililokimbia lisijulikane. Ufaransa ilianzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 1951. Mwathirika wa Makobola leo hawezi kupanga matibabu yake kwa kuutegemea mfuko kama huo, na wabunge wetu wa Uvira na Fizi waulizwe juu ya hilo kila wanapokuja kutuomba kura.

Mkiingia kwenye majadiliano, naomba mzungumzie mambo mawili tunayoweza kufanya bila kumngoja mtu wa Kinshasa. La kwanza ni daftari la ajali kwa kila mkuu wa kijiji, Makobola ya kwanza na ya pili, lenye tarehe, mahali, namba ya chombo, mwenye chombo, na waliojeruhiwa. La pili ni la motari. Mnajua kucheza likelemba, mchango wa zamu, kununua mabati na kulipa mahari. Vyama vyenu vianze likelemba ya bima: kila wiki mchango, kila mwezi pikipiki kadhaa zipate karatasi zake halali, na bosi achangie sehemu yake kwa maandishi. Zianze zile zinazobeba watoto wa shule asubuhi.