Dawa ya Mafuta ya Damu na Moyo Mzito
(Maongezi na vikundi vya kujisaidia, Kuresoi)

Leo sitaongea juu ya mbegu za viazi wala mikopo. Kikundi kimoja cha upande wa Keringet kimeniuliza kama ni kweli ile dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu inamletea mtu huzuni.

Aliyeuliza ni mama mmoja. Mzee wake alipata kiharusi kidogo, akarudi nyumbani na tembe za kumeza kila jioni. Tangu hapo amenyamaza. Baraza hataki, chai inapoa mbele yake. Jirani akasema ni hizo tembe, basi mama akazificha kabatini.

Hapo ndipo ninaogopa. Aliyewahi kupata kiharusi ama shida ya moyo akikatiza dawa hii, hatari inaanza kurudi, na yeye hasikii kitu mpaka siku ya kupigwa tena.

Lakini jirani naye hakuokota maneno hewani. Mwaka 1990 madaktari walijumlisha majaribio ya kupunguza kolesteroli, wakaona vifo vya moyo vimepungua lakini vya ajali, fujo na kujiua vimezidi. Watu walishtuka. Majaribio hayo yalikuwa ya kubadilisha chakula na ya dawa za zamani. Tembe za siku hizi ni za jamii ya statini, ambayo Mjapani Akira Endo aliigundua kwenye kuvu miaka ya 1970. Huko Australia na New Zealand wagonjwa wa moyo 1,130 waliulizwa hali ya nafsi zao kwa miaka kadhaa, wengine wakimeza statini, wengine tembe isiyo na dawa ndani. Matokeo yalitoka mwaka 2000: hakukuwa na tofauti.

Na Uingereza, mwaka 2020, walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya kero. Mwezi mmoja dawa, mwingine tembe bandia, mwingine bila kitu. Katika kila kero kumi za dawa, tisa zilikuja na tembe bandia pia! Sisemi walidanganya. Waliumwa kweli, hofu nayo huumiza mwili.

Wako wachache wanaolalamikia usingizi ama kusahau. Marekani iliagiza mwaka 2012 jambo la kusahau liandikwe kwenye karatasi ya dawa, na kwamba huisha dawa ikiachwa. Kwa hivyo usikubali kufukuzwa kliniki ukiambiwa ni mawazo tu. Daktari anaweza kubadilisha aina ama kipimo.

Lakini mwulizeni mambo mengine pia. Kiharusi chenyewe huleta huzuni nzito mara nyingi sana, na huzuni hiyo ina matibabu yake. Halafu kuna tezi ya shingo: ikilegea, kolesteroli hupanda, na mtu huchoka na kukosa raha. Hiyo inajulikana kwa kupima damu. Andikeni kwenye kalenda siku dawa ilipoanza na siku huzuni ilipoanza. Huenda ukakuta huzuni ilitangulia. Bebeni tembe zote, na mitishamba mseme, msione haya.

Mtu akianza kutaja kufa, msingoje siku ya kliniki. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na ile dawa ya kunyunyizia viazi itolewe nyumbani, ifungiwe kwa jirani.