Nguvu Iko Kwenye Difu: Pikapu ya Petroli na Tela Lake Katika Njia za Machimbo

Mada kwa semina ya mafundi na madereva wa machimbo madogo, Kahama



Swali ninaloulizwa gereji kuliko jingine lolote ni hili: "Fundi, pikapu yangu ya petroli nikiifunga tela la kompresa inaishiwa nguvu mlimani. Niiongezee nini?" Anayeuliza huwa ameshapewa ushauri mwingi barabarani. Ameambiwa akate eksozi, aondoe boksi la chujio la hewa, apeleke kompyuta ya injini ikachezewe mjini. Jibu langu ni kwamba asiiongezee kitu kwanza. Airudishie ilichonyang'anywa.

Pikapu nyingi za petroli tunazozihudumia ni Toyota Hilux yenye injini ya 2TR-FE, lita 2.7, silinda 4, isiyo na tabo. Nguvu yake ya kuzungusha krenki hufikia kilele cha nyutonimita 240 hivi, na hufika hapo injini ikiwa kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika. Chukua dizeli ya 1KD-FTV, lita 3.0 yenye tabo. Hiyo inatoa nyutonimita 343 kuanzia mizunguko 1,400 tu. Dereva aliyezoea dizeli akihamia petroli hubaki na sikio la dizeli. Injini ikifika mizunguko 3,000 anaona inapiga kelele, anaionea huruma, anapandisha gia. Huruma hiyo ndiyo inayoiua. Kwenye gia ya 4, mizunguko 1,800, tela la tani moja na nusu likiwa nyuma, mguu unakuwa chini kabisa na gari haliendi. Injini inakanyagwa bila kupumua.

Tena tuko juu. Kahama na Geita ziko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 11, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Tabo hulazimisha hewa iingie. Petroli yetu huvuta inachokikuta.

Nimepiga hesabu hii ubaoni ili mwenye kalamu aihakiki. Pikapu yenye watu na vifaa, kilo 2,200. Tela lenye kompresa, kilo 1,300. Jumla kilo 3,500. Tuseme mmeacha lami, mko kwenye changarawe, mnapanda mlima wa mita 6 kwa kila mita 100, mwendo kilomita 60 kwa saa. Kupanda peke yake kunadai nguvu ya kusukuma nyutoni 2,060. Ukinzani wa changarawe unadai karibu 860. Kwa mwendo huo ni kama kilowati 49 zinazotakiwa kufika kwenye matairi, kabla hatujaugusa upepo. Kwa makadirio yangu, injini hii ikiwa kwenye mizunguko 2,000, ukitoa hasara ya mwinuko na ya giaboksi, inafikisha chini sana kwenye matairi: kilowati 33 hivi. Kwenye mizunguko 3,500 inafikisha zaidi ya 60. Injini ni ile ile, petroli ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali dereva alipoiweka. Kwa hiyo dereva ashushe gia mapema, kabla mlima haujaanza kuuma, akae kati ya mizunguko 3,000 na 4,000 bila woga. Mwenye giaboksi ya otomatiki azime ovadraivu tangu anapofunga tela.

Sasa nije kwenye kilichonyang'anywa, kwa sababu hapa ndipo sisi mafundi tunapohusika.

Kila mtu hapa anajua mtaimbo. Ukitaka kubinua jiwe unatafuta mtaimbo mrefu, na mtu akikukatia kipande cha mtaimbo wako huwezi kusema misuli yako imepungua. Difu ni mtaimbo wa gari. Ukiwa na difu la 4.1, shafti inazunguka mara 4.1 ili tairi lizunguke mara moja, na nguvu inayofika tairini inazidishwa kwa kiasi hicho. Ukifunga tairi kubwa zaidi umeukata mtaimbo. Tairi la 235/75R15 lina kimo cha sentimita 73 na nusu hivi. Vijana wanapenda 265/75R16 kwa sababu gari linainuka na linaonekana la kazi. Hilo lina sentimita 80. Ni ongezeko la karibu asilimia 10. Difu lako la 4.1 sasa linafanya kazi kama la 3.7. Mshale wa spidi nao unakudanganya: ukisoma 60 unakwenda kama 66.

Mmiliki huyo ndiye anayerudi kwangu kuulizia chipu ya kompyuta ya injini. Hakuna chipu itakayompa asilimia 10 kwenye injini ya petroli isiyo na tabo. Tairi za kipimo cha awali zitampa, na zinauzwa Kahama mjini. Akizipenda sana zile kubwa, basi abadilishe meno ya difu yawe karibu na 4.5, nguvu itarudi pale pale ilipokuwa. Lakini sikilizeni vizuri, maana nimeona giaboksi zikivunjika kwa jambo hili: kwenye gari la 4WD, difu la mbele lazima libadilishwe sawasawa na la nyuma. Ukibadilisha moja, siku ya mvua utakapoweka 4WD kwenye udongo mweusi wa mbuga, matairi ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda mwendo tofauti, na atakayelipa ni giaboksi.

Joto lina habari ndefu. Miaka ya nyuma nilikuwa navuta jenereta kwenda machimboni, mwendo wa taratibu, jua la saa nane. Gari likachemsha, silinda hedi ikapinda. Nilipofungua nilikuta kava la plastiki linalozunguka feni halipo. Gereji moja ililitoa wakati wa kubadilisha rejeta na haikulirudisha. Bila kava lile feni inazungusha hewa ile ile ya moto mahali pamoja. Kwenye lami ukikimbia huoni tofauti, kwa kuwa upepo wa mwendo unasaidia. Ukiwa na tela kwenye changarawe, feni ndiyo upepo wako wote. Vumbi na mbegu za nyasi nazo huziba rejeta katikati ya mapezi. Ioshwe kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea nje, si kinyume chake.

Na themostati, jamani. Tuna mazoea ya kuing'oa kila gari linapochemsha. Ukiing'oa, injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi, inaongeza petroli. Unapoteza mafuta kila siku ili kukwepa ugonjwa ambao dawa yake ni rejeta safi na mfuniko unaobana. Mfuniko huo una kazi kubwa zaidi huku kwetu kuliko Pwani: kwenye mwinuko huu maji huchemka kama nyuzi 96, na kinachoyazuia kuchemka mapema ni shinikizo ambalo mfuniko unalishikilia. Mpira wake ukichoka, ubadilishwe.

Petroli yenyewe. Mafuta ya taa yakichanganywa ndani, injini inagonga inapobeba mzigo, kompyuta inachelewesha cheche kujiokoa, na nguvu inaondoka. Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuukata mchezo huu, na mafuta huwekwa vinasaba ili yaliyochanganywa yakamatwe. Hata hivyo petroli ya madumu kando ya barabara za machimbo haina wa kuipima. Dereva anayevuta tela ajaze kituoni kabla ya kuacha lami.

Marekani watu wanafunga nyuma ya pikapu zao nyumba nzima ya magurudumu, yenye vitanda na jiko, na wanalalamika kama nyie. Kwa mwendo wao wa kilomita 100 kwa saa, adui wao ni upepo. Wetu ni uzito na barabara, na hilo ni jambo zuri kwetu, kwani uzito mtu anaweza kuushusha. Nimewahi kukuta kwenye tela la kompresa pipa la maji la lita 200, matimba, na nyundo ambazo hakuna aliyezikumbuka. Kilo zaidi ya 300 zimesafirishwa bure kwa mwezi mzima.

Mzigo ukae vipi? Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela iegemee kwenye ndoano. Tela la kilo 1,300 liegemee kwa kilo 130 hadi 195. Kompresa ikiwekwa nyuma sana, tela linainua mkia wa pikapu na linaanza kuyumba ukifika 70, na huko ndiko tunakopoteza watu. Ekseli nyingi za matela yetu zimetoka kwenye magari ya zamani na kulehemiwa tu. Ekseli isiyonyooka hulivuta gari kama breki iliyoshikilia. Baada ya safari, gusa vikombe vya magurudumu kwa mkono: kilicho moto kuliko mwenzake, beringi yake inakufa au breki haiachii.

Pikapu moja ipo nje, nimeipiga jeki upande mmoja wa nyuma, matairi mengine yamewekewa mawe, gia iko nyutro na breki ya mkono imeachiwa. Tutachora alama ya chaki kwenye shafti na kwenye tairi, tutazungusha tairi hilo mara 2 kamili, kwa kuwa mwenzake wa upande wa pili amesimama na difu linagawa mzunguko nusu kwa nusu, na mmoja wenu alale chini ahesabu shafti imezunguka mara ngapi. Akisema 4 na kidogo, ni 4.1. Akisema 3.9, tutajua gari hili lilizaliwa na mtaimbo mfupi. Chaki ninayo.