Kutafuta Chanzo cha Maji Yanayovuja Dirishani
Mazungumzo kwa wakazi wa nyumba zilizoundwa kiwandani nchini Marekani



Tutazungumzia jambo moja tu, nalo ni maji yanayojitokeza chini ya dirisha kila mvua inaponyesha. Wengi wakiyaona humwita fundi abadilishe dirisha. Fedha hulipwa, dirisha jipya huwekwa, na mvua ifuatayo maji hurudi palepale. Kumbe dirisha halikuwa na kosa. Mahali maji yanapoonekana si lazima pawe ndipo yanapoingilia.

Katika nyumba hizi, maji yakipenya kwenye ukingo wa paa hushuka ndani ya ukuta hadi yakutane na fremu ya dirisha, kisha hutambaa juu yake na kudondokea pembeni. Nyumba nyingi za aina hii zina sakafu ya chipubodi, ambayo ikilowa huvimba na kumomonyoka. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba anayeziba ufa usio wenyewe ataujenga ukuta huo vilevile.

Kwanza, hakikisheni kwamba ni maji ya mvua. Ikiwa kioo kinalowa upande wa ndani asubuhi za baridi, hata bila mvua, huo ni mvuke wa jikoni, bafuni na pumzi zetu uliogeuka maji ulipogusa kioo baridi. Dawa yake ni kuwasha feni ya bafuni na ya jikoni na kupitisha hewa. Hakuna haja ya kumlipa fundi wa madirisha.

Pili, kagueni upande wa nje mchana. Tazameni ukingo wa paa ulio juu ya dirisha, maungio ya mabati au plastiki inayofunika ukuta, na mahali skrubu zilipolegea. Chini ya fremu mtaona vitundu vidogo. Hivyo vimewekwa ili maji yatoke. Visafisheni kwa kijiti, wala msivizibe kwa silikoni, maana maji yatakosa njia na kurudi ndani.

Tatu, pimeni usawa wa nyumba. Nyumba hizi hukalia nguzo, na ardhi ikititia upande mmoja, fremu hupinda. Milango inayokwama na madirisha yasiyofungika sawasawa ni dalili yake. Wekeni pima maji sakafuni katika vyumba mbalimbali. Ikiwa nyumba imeinama, fundi mwenye leseni ya kazi hiyo aisawazishe kabla dirisha halijaguswa. Msiingie chini ya nyumba na jeki peke yenu.

Nne, fanyeni jaribio la maji siku kavu. Zimeni umeme wa ukuta unaohusika. Mtu mmoja asimame nje na mpira wa maji, mwingine akae ndani na tochi. Maji yatoke taratibu, yakielekea chini kama mvua. Anzeni kwa kulowesha ukuta ulio chini ya dirisha kwa dakika 10. Ndani pakiwa pakavu, pandeni kwenye ukingo wa chini wa fremu, kisha kando zote mbili, kisha ukingo wa juu, kisha ukuta ulio juu ya dirisha, na mwisho ukingo wa paa. Kila hatua ipewe dakika zake 10. Anayeanzia juu hatajua lolote, kwa kuwa maji yatateremka na kulowesha kila kilicho chini. Ikiwa tone la kwanza limeonekana mlipolowesha paa, basi dirisha ni zima, tengenezeni paa.

Na ikiwa ni dirisha lenyewe? Katika nyumba nyingi za zamani, fremu imekazwa kwa skrubu juu ya mabati ya ukuta, na nyuma yake pana utepe wa puti. Miaka ikipita utepe huo hukauka na kupasuka. Kupaka silikoni juu yake ni kuahirisha tatizo. Matengenezo ya kudumu ni kuifungua fremu, kukwangua puti yote kuukuu, kuweka utepe mpya na kukaza skrubu upya. Mwombeni fundi aandike hatua hizo katika makadirio yake, pamoja na chanzo alichokiona. Fundi asiyeweza kueleza maji yanaingilia wapi asilipwe malipo ya awali.

Sasa haki zenu. Nyumba za kiwandani zilizojengwa tangu tarehe 15 Juni 1976 hufuata kanuni za Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, iitwayo HUD kwa kifupi. Nje ya kila sehemu ya nyumba hubandikwa kibati chekundu chenye namba. Fundi anayebadilisha ukuta asikitupe. Nyumba ikiwa mpya, toeni taarifa ya kasoro kwa maandishi mapema. Kasoro iliyoripotiwa ndani ya mwaka 1 tangu nyumba iliposimikwa mara ya kwanza ina utaratibu wa kisheria wa kusuluhisha mgogoro kati ya kiwanda, muuzaji na aliyeisimika, wanapotupiana lawama. Wekeni nakala ya barua, picha zenye tarehe, na kumbukumbu ya jaribio la maji. Mpangaji naye amwandikie mwenye nyumba siku ileile anapoona maji.

Jaribio hili huchukua saa moja au zaidi kidogo, na vifaa vyake ni mpira wa maji na tochi. Lifanyeni kabla ya kutia saini karatasi yoyote ya fundi.