Sijakisoma

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Wanafunzi wasikilize kwanza, kisha wayasome tena polepole pamoja na mwalimu wao.)

Natumaini mmekwisha kaa, na yule anayechelewa siku zote naye amefika. Basi tuanze.

Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya kusoma barua, kusoma risiti, na kusoma maandishi yaliyo juu ya chupa ya dawa. Leo tutazungumza juu ya vitabu ambavyo hatujavisoma, na juu ya aibu tunayoiona kwa sababu hiyo.

Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi nimejua kusoma juzi tu. Aibu hiyo ni ya wasomi, hainihusu." Subiri kidogo, ndugu yangu. Aibu hiyo huanza siku ile ile mtu anapojua kusoma. Ulipokuwa hujui hata herufi moja, hakuna aliyekuuliza umesoma kitabu gani. Sasa unajua, na watu wanakuuliza. Unasikia majina ya vitabu mashuhuri, nawe moyoni unasema, "Hicho sikukisoma. Na hicho. Na hicho tena." Unajiona kama mtu mwenye madeni katika kila duka la mtaa.

Nitawaeleza kisa changu mwenyewe. Si kisa cha kujisifu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la watu wazima katika mji mmoja wa pwani. Kila nilipotaka kuwatia wanafunzi hamu ya kusoma, nilitaja kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika. Nilisema, "Jitahidini, ndugu zangu, ili siku moja mpate kukisoma Kusadikika." Nilijua kuwa mwandishi wake alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, na kwamba alifariki mwaka 1962. Nilijua kitabu kilitoka mwaka 1951. Nilijua kuwa kinaeleza habari za nchi iliyo angani, na za mtu mmoja, jina lake Karama, aliyeshtakiwa mbele ya mfalme. Yote hayo niliyapata kwa kusikia. Kitabu chenyewe sikuwa nimekisoma. Kilikuwa nyumbani kwangu, juu ya kabati, na kila nilipokiona niligeuza uso.

Katika darasa letu palikuwa na mama mmoja, mtu mzima, aliyeuza vitumbua asubuhi. Alisoma kwa bidii, kidole chini ya mstari na midomo ikicheza. Alipomaliza vitabu vya darasa alikwenda kuazima Kusadikika, kwa sababu mimi nilikisifu. Alisoma ukurasa mmoja kwa siku, na siku nyingine nusu. Baada ya majuma machache alinijia darasa lilipokwisha.

"Mwalimu," akasema, "huyu Karama nimempenda. Anasema kweli mbele ya wakubwa wala hatetemeki. Lakini naogopa. Mwisho wake wanamwua?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema, "Mama, sijui. Sijakisoma." Lakini wanafunzi wengine walikuwa wamesimama wakisikiliza, nikaona haya. Nikawaza upesi upesi: mtu anayesema kweli mbele ya mfalme, mwisho wake huwa nini? Nikajibu kwa sauti ya mjuzi, "Naam, mama. Wanamwua."

Mama alinyamaza. Akakifunga kitabu, akakitia katika kikapu chake. "Basi," akasema, "hayo ya watu wema kuuawa nimeyaona ya kutosha. Sina haja ya kuyasoma." Kesho yake alikirudisha kitabu kwa wenyewe.

Niliposikia kuwa amekirudisha, moyo haukutulia. Nilikishusha kile kitabu changu, nikakipangusa vumbi, nikaanza. Kumbe ni kitabu chembamba, kurasa zake hazifiki mia. Nilichokiogopa miaka mingi nilikimaliza kwa jioni tatu. Humo niliona kwamba Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu anataka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Walirudi na mambo ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo.

Je, mwisho wake Karama anauawa? Hauawi. Anashinda, na wale wajumbe waliofungwa wanafunguliwa.

Ndugu wasikilizaji, mimi nilikuwa nimemwua mtu ambaye mwandishi alimwacha hai.

Asubuhi yake nilikwenda pale mama alipouzia vitumbua. Nikamwambia, "Mama, nilikudanganya. Kitabu kile nilikuwa sijakisoma. Sasa nimekisoma. Karama hauawi." Alimaliza kumpa mtoto mmoja vitumbua vyake na chenji yake, akapangusa mikono, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "kutosoma si kitu. Mimi nilikaa zaidi ya miaka hamsini bila kusoma, na watoto nikalea. Lakini zamani barua zangu nilikuwa nikisomewa na watu, nami sikuweza kujua kama wananisomea yaliyoandikwa au ya kwao. Nimeingia darasani ili nisidanganywe tena. Halafu wewe, mwalimu wangu, ukanifanya vile vile."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwachia kitabu changu pale mezani. Hakuniambia kama atakisoma, wala mimi sikumwuliza. Nilipogeuka nilimwona anakifunika kwa kitambaa, mafuta yasikirukie.

Tangu siku ile nimejua kuwa aibu hii ni mbili, wala si moja. Iko aibu ya kutosoma, na iko aibu ya kujifanya umesoma. Tuzitazame moja moja.

Kwanza, aibu ya kutosoma. Chukueni kalamu, tufanye hesabu. Mwaka 2010 kampuni ya Google ilikadiria kuwa vitabu vyote vilivyopata kuchapishwa duniani, kila kimoja kikihesabiwa mara moja, ni karibu milioni 130. Sasa mfikirieni mtu anayesoma kitabu kizima kila siku, haugui, halimi, wala haendi msibani. Kwa mwaka atasoma vitabu 365. Akifanya hivyo kwa miaka 80, zidisheni 365 kwa 80. Mnapata ngapi? Mnapata 29,200. Hata mtu huyo, ambaye nadhani hajazaliwa bado, atakufa akiwa na vitabu zaidi ya milioni 129 ambavyo hajavisoma. Wazee walisema kweli kuwa elimu ni bahari. Basi deni ambalo kila mwanadamu anadaiwa, na hakuna hata mmoja awezaye kulilipa, deni gani hilo? Usilipoteze usingizi.

Wasomi wakubwa nao wamo. David Lodge, mwandishi wa Uingereza, alitoa riwaya ya kuchekesha mwaka 1975, jina lake Changing Places. Humo walimu wa chuo kikuu wanacheza mchezo uitwao Fedheha. Kila mmoja anataja kitabu mashuhuri ambacho hajakisoma, na kwa kila mwenzake aliyekisoma anapata alama moja. Kwa hiyo anayeshinda ni yule mwenye aibu kubwa kuliko wote. Mwalimu mmoja, mtu asiyependa kushindwa, anataja Hamlet, tamthilia ya Shakespeare ambayo kila mwalimu wa Kiingereza hudhaniwa ameisoma. Wenzake hawaamini. Yeye anashikilia kuwa ni kweli. Basi anashinda mchezo, na baadaye ananyimwa kazi ya kudumu chuoni. Riwaya ni hadithi ya kubuni, lakini watu walioisoma walicheka kwa sababu walijiona wenyewe.

Tena kumbukeni jambo jingine. Vitabu vingi vikuu vya kwetu havikutungwa kwa macho peke yake. Vilitungwa kwa masikio pia. Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Mama huyo alikuwa mgonjwa mwaka mzima, na katika mwanzo wa utenzi anamwita binti yake akae karibu, achukue wino na karatasi. Utenzi huo ulisomwa kwa sauti nyumbani, wanawake wakausikiliza, wakaushika kwa moyo, na wengi wao hawakujua kuandika. Hakuna aliyewaambia, "Ninyi hamjausoma." Basi wewe uliyesikia tenzi utotoni, au hadithi kwa bibi yako, au kitabu kikisomwa redioni, usiseme huna kitu. Fungu lako unalo. Sasa umepata na macho, utaongeza.

Aibu ya pili ni ya kujifanya. Hiyo, ndugu zangu, ni aibu ya haki, na dawa yake si kuisahau. Mtu anayejifanya amesoma anajifungia mlango mwenyewe. Atakianzaje kitabu mbele ya watu aliowaambia amekwisha kimaliza? Itambidi akisome kwa kujificha, kama mimi. Tena anawapotosha wanaomwamini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wakati mwingine hutosha kumfikisha mtu mwingine pabaya.

Sasa, mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili, moja chini ya jingine:

SIKUKISOMA

SIJAKISOMA

Yasomeni pamoja kwa sauti. Someni tena. Yanafanana, lakini hayako sawa. La kwanza lina KU baada ya SI. La pili lina JA. Mtu akisema "sikukisoma", habari imekwisha, mlango umefungwa. Akisema "sijakisoma", anasema kuwa mpaka leo bado, lakini siku ipo. Lugha yetu imetupa silabi moja ndogo ya kusemea kweli bila kukata tamaa. Itumieni hiyo. Mimi ningalikuwa nayo mdomoni siku ile, mama yule asingalirudisha kitabu.

Basi nawapa mashauri matatu, kisha tuagane.

La kwanza: ukiulizwa juu ya kitabu usichokijua, jibu, "Sijakisoma. Wewe umekisoma? Nieleze kidogo." Aliyekisoma kweli atafurahi kukueleza. Asiyekisoma ataanza kukohoa, nawe mwonee huruma, usimcheke.

La pili: chagua kitabu kimoja tu, usitazame rundo. Soma kurasa mbili kila siku. Kitabu cha kurasa 100 kitakwisha kwa siku 50. Anza na chembamba. Ukubwa wa jina si ukubwa wa kitabu, nami nimekwisha waambia nilivyodanganyika na kabati langu.

La tatu: ukianza kitabu mashuhuri, ukaenda nacho kurasa ishirini, kisikupendeze, kiweke. Hukufunga nacho ndoa. Pengine mwaka ujao kitakufaa, pengine hakitakufaa kamwe. Lakini usiseme ni kibaya kama hujakifikisha mwisho. Sema tu, "Sijakimaliza." Hapo tena ile JA inatusaidia.

Wala sisemi kuwa vitabu mashuhuri ni bure. Vimepata sifa kwa sababu watu wengi walivirudia, na watoto wao wakavirudia. Lakini kitabu si samaki wa sokoni, hakiharibiki ikifika jioni. Kitakungoja.

Mtaniuliza, je, yule mama alikisoma? Mwezi mmoja baadaye alinirudishia kitabu changu. Kurasa za mwisho zilikuwa na alama ya kidole chenye mafuta. Hakusema neno, nami nilifurahi kuliko ningesifiwa.

Kwaherini, wasikilizaji wapenzi, mpaka juma lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mashuhuri: chenye kujulikana na watu wengi.
Mjumbe: mtu aliyetumwa kupeleka au kuleta habari.
Kujitetea: kutoa sababu za kujiokoa unaposhtakiwa.
Utenzi: shairi refu lenye kisa au mawaidha.
Tamthilia: hadithi ya kuigizwa mbele ya watu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mwalimu alijibu "Wanamwua"? Alimwogopa nani?
2. Mama alisema kutosoma si kitu. Ni nini basi kilichomwudhi?
3. Je, umepata kusomewa barua na mtu mwingine? Ulijuaje kuwa anakusomea kweli?
4. Taja hadithi au utenzi ulioupata kwa kusikia. Wasimulie wenzako kidogo.
5. Andika sentensi tatu zenye JA, kama hivi: "Sijakisoma kitabu cha ..." Kisha chagua kimoja katika hivyo vitatu, uandike tarehe utakayokianza.