Thamani na Kazi Yake: Mhadhara wa Umma juu ya Kuhamisha Tokeni za Usanifu Kuingia Katika Msimbo



Kanga wanayojifunga mama zetu wa Mikindani iliwafundisha wafanyabiashara wa pwani hii, tangu mwishoni mwa karne ya 19, jambo ambalo wahandisi wa programu wamelitambua juzi tu: ya kwamba abuniye na achapaye waweza kutenganishwa na bahari nzima na kazi isiharibike, maadamu pamoja na rangi yamesafiri pia maagizo ya mahali rangi hiyo ikaapo. Maagizo yalitoka Unguja na Mombasa yakawafikia wachapaji wa Uholanzi na Uingereza, na baadaye wa India na Japani. Pindo likabaki pindo, mji, yaani sehemu ya kati, ukabaki mji, hata pale nakshi ile ile ilipotolewa kwa rangi nyingine.

Uchapaji ninaoukusudia leo ni wa namna nyingine. Msanifu huchora kurasa za simu katika Figma, chombo ambacho mwaka 2023 kiliongezewa vigeu vya kuhifadhia rangi, tarakimu, maneno, na hali za ndiyo na siyo; na mwandishi wa msimbo, ambaye aghalabu yuko mji mwingine, huyataka maamuzi ya msanifu huyo ndani ya programu. Uamuzi mdogo kama huo, uwe wa rangi ya kitufe au ukubwa wa herufi, ukishapewa jina na kuhifadhiwa huitwa tokeni ya usanifu. Rai hiyo ilienea kutoka kampuni ya Salesforce katika miaka ya 2010, na Oktoba 2025 kikundi cha wadau chini ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, kikatoa toleo la kwanza thabiti la muundo wa pamoja wa faili zake, ulioandikwa kwa JSON.

Natuchukulie programu ya kumwonyesha mkulima wa Tandahimba korosho zake zilizopokewa ghalani na malipo yake. Msanifu ameweka tokeni «kijani-600», kisha nyingine, «malipo-yamekamilika», isiyo na rangi yake yenyewe bali inayoielekea ile ya kwanza. Ikiwa njia ya kuhamisha itauyeyusha uhusiano huo na kuandika tarakimu za rangi peke yake, mwandishi wa msimbo atapokea kijani mbili zilizo sawasawa, asijue ipi ni ya malipo na ipi ni pambo. Siku itakapoonekana kwamba juani maandishi hayo hayasomeki, na kanuni za ufikivu za WCAG zataka maandishi ya kawaida yaachane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, itambidi aipekue programu nzima.

Fauka ya hayo kuna vipimo, na hapa naiomba hadhira inivumilie, kwani ndipo penye taksiri zisizoonekana. Figma hutoa 16, tarakimu tupu. Katika tovuti, kwa desturi, hiyo ni piseli 16 au rem 1. Katika Android yaweza kuwa dp au sp, na tafauti yake ni kubwa, kwa kuwa sp hukua mtumiaji anapokuza herufi za simu yake ilhali dp haijali. Bibi wa Newala aliyekuza herufi ili asome bei ya mnada atazikuta zimegoma ikiwa iliyochaguliwa ni dp, na huenda mtambo usilalamike, maana 16 ni 16. Style Dictionary, chombo kilichotoka Amazon, hulifasiri faili moja likawa la tovuti, la Android na la iPhone, lakini hutii masharti tuliyoyaandika sisi. Hakimjui bibi yule.

Wako wanaotaraji kwamba muundo wa pamoja utaimaliza kazi hii. Mimi siamini. Mlango wa API wa kuvisoma vigeu vya Figma umehifadhiwa kwa wenye mpango wa Enterprise, na ofisi ndogo za kwetu zitaendelea kutumia programu-jalizi. Ala kulli hali faili litokalo sharti likaguliwe na pande zote mbili kabla ya kuunganishwa na msimbo. Msanifu asiyejua kusoma JSON na afundishwe, si elimu ngumu. Na mwandishi wa msimbo naye afunguliwe Figma, aone «malipo-yamekamilika» imetumika katika kurasa zipi kabla hajaibadilisha jina.