Sukari ya Bwalo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme machache juu ya imani na kazi. Mimi si mchungaji, ni mtumishi wa serikali. Machache ninayoyajua nimefundishwa na watu wa Bweri, hapa Musoma.

Mwaka 2012 nilihamishiwa mjini hapa. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na nyumba ya kupanga, ila rafiki sikuwa naye. Jirani yangu, mama muuza dagaa, akanibishia hodi akasema, "Mwanangu, Jumapili sisi tunasali saa tatu. Karibu." Nikaenda, nimejiandaa kueleza cheo changu. Hakuna aliyeuliza. Mzee mmoja alisogea kwenye benchi, tukashirikiana kitabu chake cha nyimbo. Nilipougua malaria, akina mama walileta uji na vijana wakanichotea maji.

Kanisa hilo ni la Menonite. Wamisionari wake wa kwanza walifika Shirati kutoka Marekani mwaka 1934. Wazee hupenda kusimulia uamsho wa mwaka 1942, ambapo Waafrika na Wazungu walitubiana makosa yao mbele ya wote. Katika uamsho ule wa Afrika Mashariki, watu walirudisha hata vitu walivyoiba. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Mzee wangu wa benchi husema kwamba watu wasioambiana kweli wanaweza kusali pamoja miaka mingi bila kuwa ndugu.

Hapo ndipo sukari iliponirudia.

Mwaka 1997, nikiwa Kidato cha Tatu, nilikuwa kiranja wa bwalo. Nilichukua kilo nne za sukari kutoka stoo nikaziuza. Alishukiwa mwenzetu aliyekuwa zamu. Akarudishwa nyumbani wiki mbili, akakosa mtihani wa muhula. Mimi nikanyamaza. Nilimaliza shule nikapewa barua ya tabia njema, nikaenda nayo mpaka chuo kikuu.

Nilimweleza mzee. Hakunikemea, wala hakusema ni jambo dogo la utoto. Alisema, "Mungu umeshamwambia. Sasa kamwambie mwenyewe."

Nilimtafuta miezi minane. Nilipompata nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Baba yangu alikufa akiamini mimi ni mwizi."

Ndugu zangu, deni hilo sina namna ya kulilipa. Nilimwomba radhi. Siku ile hakunijibu, nami nikarudi Bweri nimevunjika moyo. Jumapili iliyofuata sikutaka kwenda kanisani. Mama muuza dagaa akaja kunichukua. Walijua niliyoyafanya, na nafasi yangu kwenye benchi ilikuwa palepale.

Baada ya mwaka mmoja mwenzetu aliniandikia kwamba amenisamehe, na kwamba ningepata nafasi, niyaseme mbele ya wanafunzi wa shule hii. Leo nimeipata. Waliosoma nasi mwaka ule wanamfahamu. Nawaomba wamfahamu upya: hakuiba.

Vijana, mtakwenda kufanya kazi ugenini, na huko mtatafuta pa kusali. Mkipata mahali wanapowapokea vizuri, shukuruni. Lakini msiishie kwenye kupokewa. Waambieni ukweli wenu, mjue kama mmepata ndugu. Na kama kuna jambo mmelinyamazia katika mabweni haya, lisemeni kesho asubuhi, wakati baba wa mwenzenu yungali hai.

Mwalimu Mkuu, nimekabidhi stoo mfuko mmoja wa sukari. Najua haulipi deni. Ni sukari ya bwalo tu, imerudi kwenye bwalo.